Nani Amwongoze Asiyeona Bulyaga?

Mbwa wa Bulyaga, mjini Tukuyu wilayani Rungwe, ana kazi moja inayojulikana, nayo ni ulinzi. Mchana hufungwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba au banda la ng'ombe wa maziwa, usiku hufunguliwa, chakula chake ni makombo na ugali wa dona. Ukiwaambia watu wa Tukuyu kwamba ziko nchi ambako mbwa hupanda basi, huingia benki na kulala chini ya meza ya mgahawa kwa haki ya kisheria, kwa sababu anamwongoza mtu asiyeona, wengi watacheka kwanza, kisha watasema hayo ni mambo ya Wazungu na mapenzi yao kwa mbwa. Jibu hilo huonekana limefunga mjadala. Kwa maoni yangu halijafunga chochote, kwa kuwa linachukulia kwamba mbwa wa huduma alizaliwa na mapenzi. Ukifuatilia historia yake, gharama zake na sheria zinazomlinda, utamkuta mahali pengine kabisa: kwenye swali la nani anayelipa ili mtu mwenye ulemavu aweze kutoka nyumbani. Swali hilo Bulyaga inalo tayari, na tayari kuna mtu anayelipa, ingawa jina lake haliandikwi kwenye bajeti yoyote.

Tuanze na historia, maana inagusa Tukuyu kwa njia isiyotarajiwa. Shule ya kwanza ya kudumu ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, na daktari Gerhard Stalling, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei mwaka huohuo, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka wa kusini wa koloni la Kijerumani yakautwaa mji wa Neu-Langenburg, ambao ndio Tukuyu ya leo. Vita ilikuwa moja. Askari wa Kijerumani aliyerudi kipofu alikuwa na deni analoidai serikali yake, na sehemu ya deni hilo ililipwa kwa mbwa. Wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kwa maelfu kubeba risasi na chakula cha pande zote mbili, hawakufunguliwa shule yoyote; aliyerudi kilema alirudi kwa ndugu zake, wakambeba wao. Wamarekani walianzisha shule yao mwaka 1929, Dorothy Eustis akishirikiana na Morris Frank, kijana asiyeona wa Nashville, na Waingereza wakafuata mwaka 1931. Kumbe wazo la mbwa mwongozaji halikuanzia sebuleni kwa watu wanaopenda wanyama. Lilianza pale dola ilipokubali kwamba inadaiwa na raia wake waliopoteza macho.

Mbwa huyo hufanya nini hasa? Wengi hudhani anajua njia, kwamba ukimwambia "sokoni" atakupeleka sokoni. Sivyo. Njia anaijua mtu, na uamuzi wa kuvuka ni wa mtu anayesikiliza magari. Mbwa hasomi taa wala vibao. Kazi yake ni mambo yaliyo katikati ya hatua moja na nyingine. Mtu hushika mshikio mgumu uliounganishwa na mkanda wa kifuani na mgongoni mwa mbwa, na kupitia mshikio huo husikia mwili wa mnyama unapopunguza mwendo, unapopinda, unaposimama. Mhamishie Bulyaga siku ya mvua. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, ndiyo maana mitaro ya kando ya barabara imechimbwa kwenda chini na watu huivuka kwa ubao mmoja au miwili. Mvua ikipiga mabati, masikio ya asiyeona hayamsaidii tena. Bodaboda iliyozima injini ikiteremka mlima, yeye hasikii chochote. Bati la kibanda limetokeza usawa wa paji la uso, na fimbo nyeupe inayopapasa chini hailigusi kamwe. Mbwa aliyefundishwa humzungusha bwana wake kulikwepa bati lile, husimama kwenye ukingo wa mtaro, na akiamriwa kwenda mbele hukataa. Akiamriwa mara ya pili hukataa tena. Kukataa huko kwa akili ndiko kunakomtofautisha na mbwa mtiifu wa kawaida, na ndiko kunakochukua muda mrefu kufundisha: mtoto wa mbwa hulelewa na familia kwa karibu mwaka mzima ili azoee watu na kelele, kisha hukaa shuleni miezi kadhaa, huanza kazi akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na hustaafu baada ya miaka saba au minane. Wapo wanaofeli njiani.

Waongozaji ni kundi moja tu. Wapo mbwa wanaomgusa kiziwi mlango unapogongwa, wanaomwokotea vitu mtu wa kiti cha magurudumu, wanaomtahadharisha mgonjwa wa kisukari sukari inaposhuka. Kinachowaunganisha ni kazi mahususi inayotokana na ulemavu mahususi. Marekani, kwenye sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 na kanuni zilizofuata, mwenye duka ana ruhusa ya kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Mbwa wa kukufariji tu ukiwa na huzuni hahesabiwi. Hapo Wamarekani wenyewe wamejiletea matatizo, kwa kuwa watu wasio na ulemavu hununua fulana na vyeti vya bandia ili wapande na mbwa wao popote, na anayeumia ni yule asiyeona ambaye sasa kila mlinzi wa mlangoni anamshuku. Ni funzo la kulikumbuka kabla hatujaandika sheria zetu.

Hoja ya kwanza ninayopaswa kuijibu ni ile isemayo kwamba Mtanzania hana desturi ya kumfundisha mnyama kazi ya aina hiyo. Ushahidi unaikataa. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku, mnyama ambaye kwa Mtanzania wa kawaida ana sifa mbaya kuliko mbwa. Panya hao hunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo huchukua takribani miezi tisa, na panya mmoja hupitia sampuli mia moja za makohozi kwa dakika ishirini, kazi ambayo mtaalamu wa maabara mwenye hadubini ingemchukua siku nne. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020. Usa River, nje kidogo ya Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na askari wao kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona yanayopitishwa viwanja vya ndege na bandarini. Jeshi la Polisi lina Kikosi chake cha Mbwa na Farasi. Wakufunzi wengi wa panya na waongozaji wengi wa mbwa hao ni Watanzania, nao huwalisha, huwapima uzito, huwajua kwa majina na tabia.

Ujuzi upo, basi. Tofauti kati ya ndovu na mtu asiyeona wa Bulyaga ni kwamba ndovu ana mnunuzi. Kuna wafadhili wa kimataifa walio tayari kulipia pua itakayookoa pembe, na wengine walio tayari kulipia mguu wa mkulima wa Msumbiji au Kambodia usikatwe na bomu. Sidharau kazi hizo hata moja. Lakini nchi ikiwa na pua zilizofundishwa kwa ajili ya pembe, mabomu na makohozi, haiwezi tena kusema kwamba mbwa wa kumwongoza asiyeona ni jambo lisilowezekana kwa asili yake. Iseme tu kwamba halijapata mlipaji.

Hoja ya pili ni ya dini na unajisi, na hapa Tukuyu yenyewe inahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Rungwe ni nchi ya Wamoravian waliofika mwaka 1891, na ya Walutheri, kwa hiyo mtu wa Bulyaga anayemkataa mbwa mara nyingi hamkatai kwa fikihi. Hata hivyo kosta ya Mbeya hupakia watu wote, na Mwislamu wa madhehebu ya Shafii ana haki ya kuuliza atafanyaje mate ya mbwa yakimgusa. Swali lake lina majibu ndani ya dini yake mwenyewe: mbwa wa kuwinda ameruhusiwa katika Sura ya Al-Maida, na kilichoguswa na mate kina utaratibu wake wa kuoshwa. Mwaka 2008 baraza la sheria za Kiislamu la Uingereza lilitoa fatwa ya kumruhusu asiyeona afike msikitini na mbwa wake, na msikiti mmoja wa Leicester ukatenga mahali pa mnyama kupumzika bila kuingia ukumbi wa swala. Kuna pia mfano mgumu zaidi, unaowahusu ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Katika uwanja wa ndege wa Minneapolis, Marekani, madereva wa teksi, wengi wao Wasomali, waliwakataa abiria waliobeba pombe, na mzozo ukagusa pia abiria wenye mbwa waongozaji. Mwaka 2007 mamlaka ya viwanja iliamua kwamba dereva anayekataa abiria asimamishwe siku thelathini, na akirudia anyang'anywe leseni miaka miwili. Dereva hakulazimishwa kumpenda mbwa. Alitakiwa kumpakia abiria. Dhamiri ya dereva ilibaki yake, na kiti kikabaki cha umma.

Zaidi ya dini kuna hofu, na hofu hii naiheshimu kuliko wanavyoiheshimu wapenzi wengi wa mbwa. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Makadirio ya watafiti kwa Tanzania yamewahi kufika vifo 1,500 hivi kwa mwaka, na watoto ndio wanaong'atwa zaidi. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Mama anayemvuta mwanawe kando mbwa anapopita hajaonyesha ujinga, ameonyesha hesabu nzuri. Basi kabla ya kumtaka amkubali mbwa wa huduma kwenye kosta, mpeni sababu ya kuamini kwamba mbwa wa mtaani kwake wamechanjwa. Watafiti waliofanya kazi Serengeti na kwingineko wameonyesha kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Pemba, kisiwa ambacho takriban wakazi wake wote ni Waislamu, ilifanya hivyo: kichaa kikakoma mwaka 2014, kikaingia tena 2016, kampeni zikarudi, na kufikia 2018 kikazimwa tena. Watu wa Pemba hawakuhitaji kuanza kulala na mbwa chumba kimoja. Walihitaji kumfikisha mbwa kwa afisa mifugo siku ya chanjo. Na chanjo haitoshi, kwa kuwa mbwa mwongozaji hasumbuliwi na binadamu peke yao. Hata Uingereza, yenye sheria kali, mbwa waongozaji hushambuliwa na mbwa wengine barabarani, na mmoja akijeruhiwa vibaya hustaafishwa, uwekezaji wote ukapotea. Jua likizama Bulyaga, saa za kufungulia mbwa, mwongozaji asingefika mbali.

Sasa nimrudie yule anayelipa. Sanamu ya shaba imesimama Geneva mbele ya makao ya Shirika la Afya Duniani, na nyingine kama hiyo Washington, kwenye Benki ya Dunia: mtoto anatangulia, ameshika ncha ya fimbo, na mzee kipofu ameshika ncha nyingine. Ni kumbukumbu ya upofu wa mtoni, unaoenezwa na inzi wadogo, usubi, wanaozaana kwenye maji yaendayo kasi. Tukuyu haimo kwenye hadithi hiyo kwa mbali. Mabonde ya mito inayoteremka kutoka Rungwe kwenda Ziwa Nyasa ni moja ya maeneo ya usubi yanayojulikana Tanzania, ndiyo maana vijiji vyake vimekuwa vikigawiwa dawa ya ivermectin, ile ambayo kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kuitoa bure. Dawa imefanya kazi kubwa. Lakini picha ya sanamu ile inabaki kweli kwa asiyeona wa sababu yoyote, awe wa usubi, wa glakoma au wa ajali: anayemwongoza ni mtoto au mjukuu, mkono wa mzee juu ya bega lake. Mtoto huyo ndiye mshindani halisi wa mbwa wa huduma katika nchi zetu. Huonekana wa bure. Gharama yake ni siku za shule, ni kuchelewa kipindi cha kwanza, ni msichana ambaye hakumaliza la saba kwa sababu bibi hana mtu mwingine. Na asiyeona naye hulipa upande wake: hawezi kwenda kwa daktari, kwa mchungaji wala kwa mkopeshaji bila mjukuu kusikia yote. Wanaosema ukoo wa Kiafrika unatosha, kwamba mbwa ni wa watu waliokosa ndugu, huusifia upendo huo bila kuuliza umri wa anayeutoa.

Hoja ngumu kuliko zote, na ambayo siwezi kuipangua yote, ni ya fedha. Kumzalisha, kumlea na kumfundisha mbwa mwongozaji mmoja Ulaya au Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye desturi ya muda mrefu ya shule hizo, tangu mwaka 1953, nazo zinaendeshwa kwa michango ya uchumi ambao sisi hatuna. Sababu kubwa ya upofu Tanzania ni mtoto wa jicho, unaotibika kwa upasuaji wa muda mfupi kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Fedha za mbwa mmoja zingerudisha macho ya mamia ya watu pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Duniani kote kuna mbwa waongozaji kama elfu ishirini na kitu tu, ilhali watu wasioona walikadiriwa kuwa milioni 43 mwaka 2020. Hata matajiri, basi, hutembea zaidi kwa fimbo nyeupe kuliko kwa mbwa. Anayependekeza Tukuyu ianze kuagiza Labrador kesho hajapiga hesabu, na mimi simo. Labrador mwenyewe angekula chakula cha bei kubwa kuliko mlo wa bwana wake, jambo ambalo majirani wasingelisamehe, nami nisingewalaumu.

Lakini hoja hiyo huthibitisha kidogo kuliko wanavyodhani wanaoitumia. Inathibitisha kwamba mbwa ni hatua ya mwisho ya mnyororo. Haithibitishi kwamba mnyororo wenyewe hauhitajiki. Mbwa hawezi kufanya kazi bila chanjo ya mtaa mzima, bila mitaro iliyofunikwa, bila mtu aliyefundishwa kutembea mwenyewe, na bila dereva na konda wanaojua kwamba abiria asiyeona hakataliwi pamoja na kinachomsaidia. Kila kimoja kati ya hivyo kina faida hata mbwa asipokuja kamwe. Chanjo huokoa watoto, mtaro uliofunikwa huokoa mlevi na mjamzito, na mafunzo ya fimbo, ambayo mbinu yake ilikamilishwa kwa askari vipofu wa Marekani mwaka 1944, huweza kutolewa na mwalimu mmoja kwa watu wengi. Kuhusu sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Mkataba huo unataja waziwazi msaada wa viumbe hai katika kumwezesha mtu kutembea. Kanuni moja ya usafiri, yenye sentensi mbili, haigharimu dola elfu hamsini. Ingemlinda pia mgeni au Mtanzania wa ughaibuni anayerudi Tukuyu na mbwa wake, kisha akaachwa stendi.

Tatizo liko kwenye jinsi serikali zetu za mitaa zinavyomwona mtu mwenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata, na ni mpango mzuri. Ila unamjua mtu huyo akiwa mkopaji, haumjui akiwa mpita njia. Asiyeona anayetaka kufuga kuku wa mayai ana fomu ya kujaza. Fimbo itakayomfikisha kwenye ofisi yenye fomu husubiri mfadhili, au mheshimiwa fulani aje na wapiga picha. Halmashauri ya Rungwe ina mapato ya chai, ndizi, viazi na parachichi, na mwaka wake wa fedha huanza Julai mosi. Fimbo nyeupe, mwalimu mmoja wa kuitumia, siku ya chanjo ya mbwa kata kwa kata, na zege la kufunika mtaro wa barabara kuu pale Bulyaga vinaenea kwenye mistari minne ya kitabu cha bajeti, karibu na ule wa posho za vikao.